Nimesoma, Nimeelewa, Nimekubali

Hapo kale, wala si kale sana kwa kuwa vichuguu vyake bado vimesimama, Bonde la Mikunazi lilipatwa na kiangazi cha kukausha hata mate kinywani. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, na vumbi likawa ndiyo salamu ya kila asubuhi. Wanyama walitazama juu hadi shingo zikawauma. Mawingu yalipita kama wageni wenye safari zao.

Shida ikifika hapo, desturi ya bonde ilikuwa kumtafuta Kakakuona, mnyama wa haya mwenye magamba mwili mzima, anayelala mchana kutwa na kujiviringisha kama mpira akitishwa. Ilisemwa kwamba akionekana yeye, mvua haiko mbali. Ila mwaka ule hakuonekana. Kakakuona wakubwa walikuwa wamebaki watatu tu. Wengine walikuwa wamepitia kwenye uzio wa mwisho wa bonde, ndani ya magunia, kwenda kwenye lori la watu waliotaka magamba. Huko mbali, walisema, kuna wanaoyasaga na kuyanywa kama dawa. Gamba la kakakuona ni kama ukucha tu, na hakuna aliyewahi kupona kwa kunywa kucha, lakini mwambie hivyo mgonjwa mwenye haraka.

Simba akaitisha baraza. Simba alipenda mambo mawili: manyoya ya shingo yake, na kusikia yakitajwa.

Aliyelia kuliko wote barazani alikuwa Fisi. Machozi yalimtiririka hadi puani.

"Jamani, nani atawatetea wanyonge hawa? Mimi tangu nisikie habari hii sili, silali!"

"Huli?" akauliza Sungura, akimtazama tumbo.

"Sili vizuri, dada. Huzuni imenikaa tumboni."

"Naiona. Imejaa."

Wanyama wakacheka kidogo. Fisi akamgeukia Simba upesi. "Mtukufu, chini ya kivuli cha manyoya yako, hata mimi mnyonge ningeweza kuwalinda."

Simba alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. Papo hapo Fisi akawa Mlinzi Mkuu wa Kakakuona, akavishwa kofia. Sungura, kwa kuwa ndiye pekee aliyejulikana kuwa anajua herufi, akafanywa karani.

Amri ya kwanza ya Mlinzi Mkuu ilikuwa ya busara kabisa. "Huwezi kumlinda usiyemjua anakolala. Karani, waandikishe. Kila mmoja ukurasa wake: ramani juu, maelezo chini."

Sungura hakuona kosa. Alitembea, akauliza, akachora. Kila alipomaliza ukurasa, Fisi aliutazama kwa makini, akachovya kiganja kwenye kifuu cha tope na kukibandika pale chini palipoandikwa: *Nimesoma, nimeelewa, nimekubali.* Na kila Ijumaa alasiri Fisi alisimama mbele ya Simba na jani kubwa la mgomba, akasoma taarifa ya juma zima. Zilikuwa taarifa ndefu, zenye sifa nyingi, na Simba alizisikiliza amefumba macho.

Siku mbili baada ya ukurasa wa kwanza, Kakakuona wa Korongoni hakuonekana.

"Amepanda mlimani kuita mvua," alisema Fisi. "Ni wito, jamani. Tumwombee."

Siku mbili baada ya ukurasa wa pili, Kakakuona wa Mkunazini naye hakuonekana.

"Naye pia kapanda mlimani?" aliuliza Sungura.

"Mvua ni nzito, dada. Haiitwi na mmoja."

Wengine wakaitikia, maana mwenye kiu huamini upesi. Sungura hakuitikia. Aliondoka akaenda Mkunazini. Mlangoni pa lile shimo aliona mchanga uliosawazishwa na kitu kilichoburutwa. Akaufuata mburuto ule, nao haukuelekea mlimani hata kidogo, ulishuka moja kwa moja hadi kwenye uzio. Kando yake zilikuwepo nyayo za Fisi, na hapo uzioni mifupa ya mbuzi iliyotafunwa ikiwa bado mibichi. Katikati ya mifupa kulikuwa na gamba moja.

Akalichukua akampelekea Simba.

"Mtukufu, Fisi anawapeleka uzioni. Anabadilishana na watu wa lori, wao wanampa nyama."

Simba alilitazama lile gamba kama mtu anayeletewa kijiko kichafu. "Unasema Mlinzi Mkuu ni mwizi?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Nani alimchagua Mlinzi Mkuu?"

"Wewe, Mtukufu."

"Basi?"

Hilo "basi" ndilo lililofunga kikao. Sungura akatoka nje akiwa na gamba lake mkononi na jambo moja kichwani: ukweli wa kumwonyesha Simba kuwa amekosea haungepata mlango wa kupitia, hata kama ungekuwa mwembamba kama sindano. Ingebidi Simba auone mwenyewe, tena auone kwa namna ambayo itamuuma yeye, si jirani.

Jua lilipokuwa linazama akafika kwa Bi Kakakuona, wa tatu na wa mwisho. Alimkuta ametoka kutafuta mchwa, mwanawe amemshikilia mkiani kama abiria.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniandika?"

"Nimekuja kukwambia wenzako wako wapi." Akamwambia yote.

Bi Kakakuona akamsogeza mwanawe karibu na tumbo. "Na zile ramani mbili, nani alizichora?"

"Mimi."

"Mm." Hakupandisha sauti. "Unachora vizuri, mwanangu."

Sungura aliwahi kutukanwa na chui, akafukuzwa na mbwa, akaitwa mwizi wa karanga mbele ya wakwe. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumchoma kama sifa ile. "Njoo kwangu wewe na mtoto," alisema. "Leo hii. Na shimo lako liache tupu."

Asubuhi yake, Fisi akaja. Alikuwa na haraka, na mate yalikuwa yameshamtangulia.

"Karani! Ukurasa wa tatu uko wapi? Bi Mkubwa yule yuko hatarini, na sisi tunachelewa kumlinda!"

"Sijaumaliza. Lakini tazama kwanza ule wa pili, kama niliuandika sawa." Alitaka tu kupata muda wa kufikiri. Akampa daftari.

Fisi akalifungua, akalishika kichwa chini miguu juu, akatikisa kichwa polepole kama mwalimu mkuu. "Mwandiko mzuri. Hasa hapa mwishoni, hapa umetumia neno zito."

Sungura akachungulia. Pale Fisi alipoweka ukucha hapakuwa na neno. Palikuwa na nzi aliyebanwa daftari lilipofungwa.

"Ndilo neno nililohangaika nalo," alisema Sungura taratibu. "Nashukuru umeliona. Njoo saa nne, ukurasa utakuwa tayari."

Fisi alipoondoka, Sungura alikimbia hadi kichuguu cha kaskazini, kwa Nungunungu, mzee asiyependa wageni, wala wenyeji.

"Nani huyo?"

"Mimi, babu, Sungura. Nina ombi."

"Sina akiba ya viazi."

"Si viazi. Leo alasiri kuna mtu atakuja kuingiza mikono kwako na gunia."

"Unataka nimfanye nini?"

"Usimfanye kitu. Wewe lala tu, mgongo uwe mlangoni."

Nungunungu akafikiri. "Hilo naliweza," akasema, akageuka.

Saa nne Sungura alikuwa amemaliza ukurasa. Ramani ilikuwa safi: njia, jiwe lililopasuka, kichuguu cha kaskazini, shimo lenye alama ya msalaba. Chini yake aliandika mistari minne kwa herufi kubwa, wala hakuficha neno hata moja.

"Soma vizuri, Bwana Mlinzi Mkuu," alimwambia Fisi. "Kuna jambo hapo ni la muhimu. Usibandike kiganja kabla hujalielewa. Kama kuna neno gumu, uliza, si aibu."

"Mimi niulize?" Fisi akacheka kicheko chake cha kupanda na kushuka. "Dada, mimi herufi nimezila tangu utotoni." Akapitisha macho kutoka kulia kwenda kushoto, akaguna mara mbili mahali pasipostahili, akachovya kiganja topeni. Pwa! *Nimesoma, nimeelewa, nimekubali.*

Alasiri hiyo ilikuwa Ijumaa. Wanyama walikusanyika mbele ya Simba kusikiliza taarifa, lakini msomaji hakuwapo. Wakasubiri. Simba akaanza kupiga mkia chini.

Ghafla kikasikika kicheko kutoka kaskazini. Kilianza kama kicheko, kikageuka kilio, kikarudi tena kuwa kicheko, maana Fisi hata akiumia koo lake halijui njia nyingine. Akatokea mbio, hatazami mbele, kwa sababu hakuweza kutazama mbele. Gunia lilikuwa limeshonwa usoni mwake kwa miiba, puani, midomoni, hadi masikioni, likining'inia kama shela la bibi harusi. Akajikwaa, akaanguka miguuni pa Simba, na kutoka ndani ya gunia yakamwagika magamba mawili matatu.

"Mlinzi Mkuu!" Simba alishangaa. "Umepatwa na nini?"

"Nilikuwa kwenye doria, Mtukufu!" sauti ikatoka nyuma ya gunia.

"Na gunia?" aliuliza Sungura.

"La kumfunikia Bi Kakakuona. Jua kali. Apate kivuli."

"Kwa Nungunungu?"

Sungura akafungua daftari. "Mtukufu, huu ndio ukurasa aliokabidhiwa leo. Kiganja ni chake, tope bado halijakauka vizuri. Usome mwenyewe."

Simba alilitazama daftari, akalitazama kwa muda, akakohoa. "Soma wewe, karani. Macho yangu yana vumbi."

Kila mnyama akapata kitu cha kutazama pembeni. Sungura akasoma:

"Katika shimo hili hayumo Kakakuona. Yumo Nungunungu, naye amelala. Mwenye nia njema asiingie. Mwenye gunia atajuta. Nimesoma, nimeelewa, nimekubali: Fisi, Mlinzi Mkuu."

"Bwana Fisi," alisema Sungura kwa upole, "swali ni dogo. Ulisoma, au hukusoma?"

Ungeweza kuona Fisi akifikiri hata nyuma ya gunia. Akisema alisoma, basi aliingia nyumbani kwa Nungunungu kwa kujua, na gunia mkononi. Akachagua njia iliyoonekana fupi.

"Sikusoma, Mtukufu! Sijui kusoma! Ningejua, ningeingia? Nimedanganywa na karani!"

Simba akamgeukia Sungura, uso umeanza kukunjamana. Sungura hakusogea.

"Kama hajui kusoma, Mtukufu, hizo taarifa za Ijumaa alikuwa akizisoma kwa macho ya nani?"

Hapo Simba akasimama wima. Magamba yalikuwa miguuni pake muda wote huo na hakuyaangalia sana. Lakini hili lilimfika.

"Fisi. Ile taarifa kwamba pundamilia wametunga wimbo wa kusifu manyoya yangu?"

"Niliitunga mimi, Mtukufu."

"Wimbo?"

"Taarifa. Wimbo haupo."

"Na swala waliozirai kwa kuiona fahari yangu?"

"Walizirai kwa kiu, Mtukufu."

Ngurumo iliyomtoka Simba ilipukutisha majani yaliyokuwa yamesalia mikunazini. Akamkamata Fisi ukosi na kumwamuru awaongoze uzioni, na Fisi, haoni, anajikwaa, akawaongoza. Kule uzioni lori lilikuwa limeegeshwa, watu wawili wakisubiri mzigo wao wa tatu. Simba alinguruma mara moja tu. Lori liliondoka huku mlango mmoja ukiwa wazi, na kreti moja ikaanguka njiani ikapasuka. Ndani yake, amejiviringisha, amekauka kwa kiu lakini anapumua, alikuwemo Kakakuona wa Mkunazini. Wa Korongoni alikuwa ameshasafirishwa. Bi Kakakuona alimsubiri siku nyingi, naye hakurudi.

Fisi alivuliwa kofia, ikachanika kwenye miiba, akafukuzwa bondeni na gunia lake usoni. Nungunungu alikataa kuing'oa miiba ile. Alisema yeye hajamchoma mtu, alikuwa amelala.

Jioni Simba akahutubia. Alieleza kwamba yeye alimshuku Fisi tangu mwanzo, na kwamba alimpa cheo kwa makusudi, ili amnase. Wanyama wakapiga makofi. Sungura naye akapiga, mara mbili, akaona inatosha. Kisha akalichukua daftari, akachana kurasa zote tatu zenye ramani na kuzitafuna moja moja, tope na yote, huku mtoto wa Bi Kakakuona akimkodolea macho kutoka mkiani kwa mama yake.

"Na sasa tutalindwaje, kama hatumo kitabuni?" aliuliza Bi Kakakuona.

Sungura akameza. "Tutaanza kwa kuwachunguza walinzi, Bi Mkubwa. Mimi nikiwa wa kwanza."

Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.