Kiti cha Lusajo

Mficha ufundi hahami kiti. Methali hiyo mmeisikia mchana huu, mkacheka, sasa mwataka kujua imetoka wapi. Sogeeni basi, nafasi ipo. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Kulikuwa na kijana wa Tukuyu, Lusajo, fundi wa programu za kompyuta katika kampuni moja ya Morogoro iliyokuwa ikiuza tiketi za mabasi kwa simu. Mfumo wa tiketi aliujenga yeye, na mkono wake, kusema kweli, ulikuwa mwepesi. Ila alikuwa na woga. Alishaona wenzake wakipunguzwa kazini, akaapa yeye hatapunguzwa. Basi akaijenga kazi yake kwa namna ambayo mwingine asingeielewa. Maelezo hakuweka. Ukimuuliza sehemu fulani inafanya nini, anakwambia, "Iache hiyo, nitaishughulikia mwenyewe." Mfumo ukikwama, ofisi nzima humzunguka kama bwana harusi. Alipenda. Nani asingependa?

Nyuma yake akaajiriwa Chausiku, binti wa maneno mengi. Huyu alichojifunza asubuhi, jioni meza nzima wanacho.

"Dada, unagawa mtaji," Lusajo alimwambia.

"Kaka, ukiubania utaoza," akajibiwa, watu wakacheka.

Mwaka wa tatu kampuni ikafungua tawi Mwanza, akatafutwa wa kuwaongoza mafundi huko. Umbeya ulipita kila meza, na kila meza ilimtaja Lusajo. Mwenyewe alishaanza kuulizia nyumba Mwanza. Mama yake kule Tukuyu alishawatangazia majirani.

Jina lilipotoka, lilikuwa la Chausiku.

Lusajo akaingia kwa Bi Siwema, mkuu wa mafundi. Hodi hakupiga, mlango hakufunga.

"Bi Siwema, nimekosa nini? Nani hapa ananishinda?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Chausiku akiondoka kesho, kazi yake watu wanne wanaiweza. Wewe ukiondoka, keshokutwa mabasi yanatoka matupu. Nani atakushikia nafasi?"

"Si ndiyo maana mnanihitaji?"

"Tunakuhitaji sana, baba. Kwenye kiti hicho hicho."

Lusajo alitafuta kichwani mtu wa kumtaja, hata mmoja. Hakumpata, na aliyehakikisha asipatikane ni yeye mwenyewe.

Ofisi ile ilikuwa na masikio. Kabla ya chai ya saa nne, maneno ya Bi Siwema yalishafika kwa wakata tiketi wa stendi, na huko njiani yakafupishwa, kama kawaida ya maneno yanayopita midomo mingi.

Siku ya kumsindikiza Chausiku, kampuni nzima ilijaa stendi kwa vigelegele. Mpiga debe mmoja akatazama huku na huku, akauliza fundi mkubwa yuko wapi, mbona haonekani. Mfumo ulikuwa umekwama tangu alfajiri, naye kabaki ofisini kuukwamua.

Wakamjibu kwa sauti moja: "Mficha ufundi hahami kiti."