Fahali Aliyezungushwa Mnadani

Jumamosi moja ya Julai 1996, katika mnada wa ng'ombe nje ya mji wa Mpanda, fahali mwekundu alipitishwa mbele ya wanunuzi kwa mara ya tatu. Dalali wake, Ubaldo, alimchapa fimbo kila alipotaka kutulia. Mzee Malale, mfugaji wa Mwamkulu, aliinua mkono.

"Mwache asimame."

Ubaldo alicheka. "Nyie Wasukuma mnanunua ng'ombe au mnaposa?"

"Tukiposa huwa tunaharakisha. Kwa ng'ombe hatuna haraka. Mwache asimame, Mfipa."

Mzee Malale aliketi chini, akangoja fahali acheue, kama baba yake alivyomfundisha. Ng'ombe mzima akitulia hucheua. Mgonjwa hawezi, hata umchape vipi. Jua lilipanda. Fahali aliinamisha kichwa, taya zake kimya kama jiwe. Mzee akajikung'uta vumbi, akaenda kwa mtamba wa kijivu aliyelala pembeni akicheua. Mwenye mtamba huyo hakusema neno, na tayari watu walikuwa wamemzunguka mnyama wake.

Masalu, mwanawe, aliyaona yote hayo, ila mawazo yake yalikuwa mbali. Alikuwa mwalimu wa hisabati mwenye shahada ya pili, na sasa alitaka shahada ya uzamivu katika nadharia ya mifumo, elimu inayochunguza jinsi vitu kama mvua, malisho na mifugo vinavyotegemeana, hata kimoja kikiyumba vyote huyumba. Vyuo viwili vya ng'ambo vilimkubali. Mwajiri alikuwa amempa ruhusa ya masomo mara moja tu. Akikosea chuo, hangepata nyingine.

Chuo cha kwanza kilimwandikia kila mara, kikamletea kalenda yenye picha za majengo ya vioo, hata wakala wake akafunga safari ya treni hadi Mpanda. Cha pili kilimjibu kwa mistari michache na maswali magumu. Masalu alikuwa amekwisha kuchagua cha kwanza. Aliamini kwamba anayekutafuta ndiye atakayekutunza.

Wakimswaga mtamba waliyemnunua kurudi nyumbani, alimweleza baba yake.

"Hicho kilichokufuata mpaka huku," mzee aliuliza, "umekiona kikicheua?"

"Baba, chuo si ng'ombe."

"Sijasema ni ng'ombe. Nimeuliza, kikiacha kukimbiakimbia kinafanya nini?"

Masalu alimrudisha mtamba njiani. Kanuni hiyo aliijua tangu utotoni, lakini hakuwahi kuitoa nje ya zizi.

Jumatatu alimwendea wakala katika nyumba ya wageni, mtaa wa Makanyagio, akamuuliza swali moja tu: nani atanisimamia, na nani amesimamiwa naye akamaliza? Wakala alisifu mabweni. Alisifu maktaba. Masalu aliketi, akangoja.

"Msimamizi atapangwa ukifika, mwalimu," wakala alisema hatimaye. "Wewe saini tu."

Swali hilohilo alilituma kwa telegramu kwenye chuo cha pili. Jibu lilikuwa fupi: atasimamiwa na Profesa Séverine, amuulize Celestin, aliyemaliza kwake na sasa anafundisha Dar es Salaam. Masalu alimpigia simu kutoka posta.

"Atakurudishia sura moja ya tasnifu mpaka uichukie," Celestin alisema. "Halafu utamaliza."

"Na wenzako?"

"Tulikuwa watano, tumemaliza wote. Mmoja bado hamsalimii profesa."

Masalu akasaini cha pili. Hata hivyo, roho ilibaki juujuu; kalenda ya vioo ilikuwa bado ukutani, na kila alipoitazama alijiuliza kama hakuacha bahati ipite.

Wiki moja kabla Masalu hajasafiri, Celestin alimpa habari kwa simu: chuo cha kwanza kimeifunga idara ambayo angesomea, na wanafunzi wapya waliokwisha kuwasili wamerudishwa makwao. Masalu alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alipanda baiskeli hadi Mwamkulu, akamkuta baba yake zizini akikamua.

"Kimefungwa, Baba."

Mzee Malale hakuacha kukamua. "Na yule fahali wa Ubaldo alikufa mwezi uleule wa mnada. Nilikwenda mwenyewe, nikaiona ngozi." Akakitazama kibuyu kilivyojaa, kisha akasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."