Fisi na Mvua ya Siku Kumi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na wingu.

La mvua au la kupita?

Hatujui.

Basi kama hamjui, sogeeni karibu, maana hata wenyewe wa hadithi hii hawakujua.

Huko pwani ya kaskazini, mikoko inapoishia na michongoma inapoanza, mwaka mmoja kiangazi kiliingia vibaya. Asubuhi jua, waa. Adhuhuri mvua, chwaa. Jioni upepo, vuu, unaezua viota. Kesho yake mvua asubuhi, jua jioni. Ukianika, kinalowa. Ukianua, jua linakucheka. Wanyama wakakonda, hata salamu wakawa wanaitikia kwa shingo upande.

Alikuwako mjane mmoja, Panya, jina lake Mwanashee. Mbegu zake za mtama zilikuwa konzi tatu tu. Kiangazi cha nyuma hakuwa na mbegu, akazika watoto wawili. Walibaki wanne. Kila akizitazama konzi zile, moyo ulimuuma, kwani alijua zikipotea atachimba kaburi tena, na nguvu za kuchimba hakuwa nazo.

Mtabiri wa hali ya hewa alikuwa Fisi Makombo. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe mbele ya pango lake, pua juu, nusa, nusa, nusa. Akisema jua, wanyama wote wanaanika vyakula vyao kwenye miamba. Naye anapitapita hapo, na ikifika adhuhuri nusu haipo. Anasema jua lilikuwa kali, vimesinyaa. Akisema mvua, wote wanapeleka vyakula pangoni kwake, maana ndiko pekee kusikovuja. Wakirudi kuvichukua, nusu haipo. Anasema unyevu umeviozesha. Jua, Fisi anakula. Mvua, Fisi anakula. Alikula chochote, mradi kiwe cha mwenzake. Hakuna aliyembishia, kwa sababu alikuwa na meno, na kwa sababu wote walitamani sana awepo mtu anayejua.

Lakini kulikuwa na mwiko. Mtabiri haingii chini ya paa mpaka muda alioutaja uishe, ili mbingu zione kwamba aliyesema anakaa na alichosema. Akiuvunja, hasikilizwi tena. Fisi aliujua vizuri, ndiyo maana hakutabiri hata siku moja kupita adhuhuri. Anakaa nje saa chache, anapiga miayo, halafu huyo ndani.

Asubuhi moja Panya akamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mvua. Mtama wako uko wapi?"

"Upo, mzee. Ila naona haya kuleta kidogo kidogo. Na wenzangu nao wameficha vyakula vingi majumbani. Utabiri wa nusu siku unaletewa chakula cha nusu siku."

Fisi akaacha kupiga miayo. "Na utabiri wa kumi zima?"

Maana wa pwani ile huhesabu mwaka kwa siku kumi kumi, kila kumi na kazi zake.

"Huo unaletewa vyote, mzee," akasema Panya. "Lakini wanasema hakuna anayeuweza."

Fisi akapanda jiweni. Hakunusa hata mara moja. Akatangaza mvua kumi zima, mvua ya kuozesha, na kila chakula kiletwe pangoni siku hiyohiyo. Vikaja. Ngiri alileta makopa yake yote ya muhogo, Kima kunde, Digidigi choroko. Panya naye akabeba konzi zake tatu, akaziweka ndani mwisho kabisa, karibu na ukuta wa nyuma.

Fisi akalamba midomo, akashuka jiweni, akaelekea pangoni.

"Mzee," Panya akamwambia kwa adabu, mbele ya wote, "unakwenda wapi? Kumi halijaisha."

Wote wakageuka kumtazama. Fisi akatazama pango, akatazama wenzake, akarudisha mguu jiweni.

Siku ya kwanza jua, waa, Fisi juu ya jiwe. Siku ya pili mvua, chwaa, Fisi juu ya jiwe. Siku ya tatu upepo, vuu, Fisi juu ya jiwe, macho kwenye mlango wa pango. Nyuma ya pango kulikuwa na ufa wa kupita panya mmoja. Panya na wanawe, kwi kwi kwi, wanaingia, kwi kwi kwi, wanatoka. Mtama, kunde, choroko, na makopa ya Ngiri moja moja kichwani. Kila kitu wakakirudisha mlangoni kwa mwenyewe.

Siku ya kumi na moja Fisi akaingia pangoni. Akakuta vumbi na harufu yake mwenyewe. Akatoka, akaelekea kusini huku manyoya yakimchuruzika maji.

Wanyama wakampandisha Panya jiweni. Wakamwomba atabiri. Panya akatazama mawingu muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Huenda ikanyesha, huenda likawaka. Pandeni nusu bondeni, nusu mwinukoni."

Ngiri akasema, "Yule alikuwa mwizi, lakini alikuwa anajua."

Wote wakakubaliana naye. Siku hiyohiyo wakatuma wajumbe kusini kumwomba Fisi radhi arudi, na mkononi wakachukua makopa ya kumtuliza, yaleyale waliyoyabeba watoto wa Panya kichwani.

Panya akashuka jiweni peke yake. Akapanda nusu bondeni, nusu mwinukoni. Mtama wa bondeni ukaoza. Wa mwinukoni ukaota, mchache. Kila jioni, wakimaliza kula, aliwahesabu wanawe. Mmoja, wawili, watatu, wanne.

Mafunzo yake, watoto wangu, ni haya: mtu akikuuliza habari za kesho, usiseme hujui. Sema jua. Au sema mvua. Hutalala na njaa.

Hadithi yangu imelowa hapo. Anayetaka kuianika na aianike, mimi sisemi kama jua litatoka.