Fahali Aliyegoma Kupona

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa zizi, ng'ombe tele, majani haba. Nyanzobe, hizo karanga ni za mbegu, zitoe mdomoni nisimulie.

Kiangazi kilikuwa kikali, na aliyeimaliza mbuga mnamjua: Fahali. Alikula asubuhi, akala mchana, akala mpaka pale alipolalia. Ikabaki ngitili tu, yale malisho yaliyozungushiwa miiba, ambayo kwa desturi ni ya ndama, wagonjwa, na mama waliozaa jana. Majani yake yangewafikisha ndama kwenye mvua. Fahali angeyamaliza kwa siku mbili, na ndama wangekufa. Mlinzi mlangoni alikuwa Pimbi, kale kanyama ka mawe, mviringo kama kibuyu.

Fahali akaja, puh, puh, puh.

"Wewe ni ndama?" Pimbi akauliza.

"Si ndama."

"Umezaa?"

"Sijazaa."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi, mjomba, rudi ulikotoka."

Kuvunja miiba aliogopa, maana kundi zima lingemgeukia kwa pembe. Kesho yake akaja anachechemea, kho, kho, kho. Akasema anaumwa kifua. Akasema na mguu. Majani yakamnukia, akaongeza na tumbo, eti limejaa upepo. Pimbi akampa pole nyingi, akamfungulia, akamfunga kamba mtini, akamwita Nungunungu, mganga wa mifugo.

Kifua kikatibiwa kwa shubiri, ndoo nzima. Glu, glu, glu.

"Umepona, mjomba?"

Fahali akatazama majani. Aliyepona hutolewa nje.

"Bado."

Mguu ukatibiwa kwa chuma cha moto. Chwaaa!

"Umepona, mjomba?"

Akatazama majani.

"Bado."

Tumbo lenye upepo hutobolewa ubavuni, na Nungunungu haazimi sindano. Akaja kinyumenyume. Chwi!

"Umepona, mjomba?"

"Ba... bado."

Mnamwona huyo? Hata jani moja hajaonja, na bado anang'ang'ania.

Pimbi akashusha pumzi. Akasema kwa huzuni kwamba imebaki desturi moja: ng'ombe asiyepona huchinjwa mapema, nyama isiharibike. Nungunungu akaanza kunoa kisu. Kwara, kwara, kwara.

"Nimepona!"

Fahali aling'oa mti pamoja na kamba, akatimua mbio. Mpaka leo ukimwuliza hali, hujibu "mzima" kabla hujamaliza kuuliza.

Ndama wakala mpaka mvua ikanyesha. Siku moja ndama mdadisi akamkuta Pimbi katikati ya ngitili, mashavu yamejaa.

"Babu, kwani na wewe unaumwa?"

"Mgongo. Mwaka wa tatu huu."

"Mbona Nungunungu hakutibu?"

"Ni shemeji yangu."

Basi, wanangu, shikeni funzo: mwongo hanenepi. Kuhusu tumbo la Pimbi msiniulize. Hadithi nimeirudisha zizini, mlango nimeuziba kwa miiba. Nyanzobe, karanga.