Jiko la Mwanamvua Chumbani kwa Sultani

Palikuwa na Sultani asiyejua kusubiri. Chai ikichelewa kuchemka, aliyatukana maji. Jina lake Badrani, na ugonjwa wake ulikuwa kujenga. Wachoraji wake wa majumba walimtia wazimu. Huyu anapima, yule anachora, mwingine anazunguka kiwanja na fimbo akigonga milango: "Hodi! Hapa anakaa nani?" Wakishamaliza, karani anausoma mchoro wote, ndipo unagongwa muhuri. Kwa Sultani, huo ulikuwa uvivu mtupu.

Akanunua mtambo wa akili mnemba. Unauambia unachotaka, unachora. Unapima wenyewe, unahesabu mawe na boriti wenyewe, na mwishoni unagonga muhuri wa Sultani wenyewe. Hujamaliza kupiga chafya, kasri limeshatoka kwenye karatasi, mapazia yakiwemo. Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. Wachoraji akawafukuza, yule wa fimbo akiwa wa kwanza. Kisha akatangaza:

"Mchoro wenye muhuri wangu ni amri. Atakayesema mtambo umekosea, ahame mji!"

Na ili watu washangae vizuri, mtambo akauweka barazani, kila mtu aje aujaribu.

Siku moja akauambia, "Nichoree banda la tausi wangu, penye upepo na kivuli." Mtambo ukachora. Banda lilikuwa zuri, hata kibaraza lilikuwa nacho. Lakini lilikaa juu ya nyumba ya Mwanamvua, mjane muuza maharage aliyeishi nyuma ya ukuta wa kasri, yeye na wanawe na mdomo wake.

Askari wakaja na nyundo. "Mama, toa vyombo. Kesho tunabomoa."

"Mnabomoa nini?"

"Nyumba."

"Nyumba gani? Nionyesheni kwenye mchoro."

Wakaugeuza mchoro juu chini, chini juu. Nyumba haikuwemo. Walikuwemo tausi tu.

"Sasa mtabomoaje kitu ambacho hakipo?"

Askari wakatazamana. "Hata hivyo kesho tunakuja," wakasema, wakaondoka.

Mwanamvua hakulia. Maharage yalikuwa motoni, na maharage hayamngoji mtu amalize kulia. Akayaepua, akajifunga kanga, akaenda barazani.

"Wewe mtambo," akasema, "jiko langu linavunjwa. Nichoree jingine hapo hapo karibu, mahali papana, pasipovuja, penye dirisha la maana."

Mtambo haukumuuliza yeye ni nani. Karibu na nyumba yake palikuwa na mahali pamoja tu papana pasipovuja: chumba cha kulala cha Sultani. Mtambo ukachora, ukapima, ukagonga muhuri, pu!

Asubuhi Sultani akaamshwa na moshi. Kufumbua macho, anaona mafiga miguuni pa kitanda, chungu kinatokota, na kuku amelalia mto wa hariri.

"Mwanamke! Unafanya nini chumbani kwangu?"

"Chumbani? Hapa jikoni, bwana wangu. Umeamkaje?"

"Walinzi! Nani kamruhusu huyu?"

"Wewe, bwana," walinzi wakajibu kwa pamoja, wakimwonyesha muhuri.

Sultani akaunyakua mchoro. Akatafuta kitanda chake. Pale pa kitanda palichorwa rafu ya masufuria.

"Lakini hapa pana kitanda!"

"Kwenye mchoro hakimo," akasema Mwanamvua.

"Nimekilalia!"

"Na mimi nyumba yangu nalala ndani yake, na kwenye mchoro wako haimo. Inua mguu, bwana wangu, nipitishe kuni."

"Huu mchoro ni upuuzi!"

"Kwa hiyo mtambo umekosea?"

Waziri, aliyekuja mbio na kiatu kimoja, akakohoa kwa nguvu. "Bwana wangu, kumbuka, atakayesema..."

"Najua atakayesema! Sheria si yangu?" Sultani akameza mate. "Sikusema umekosea. Nasema... umechoka."

"Chuma kinachoka? Basi na sisi akina mama tukichoka mtuelewe."

"Nyamaza! Utaondoka lini?"

"Haya yakiiva naweka ya mchana. Ya mchana yakiiva naweka ya jioni. Ijumaa napika pilau, vitunguu utavivumilia. Kitanda hiki tukikisogeza ukutani, pale nitaning'iniza samaki wangu wakauke."

"Samaki! Juu ya kichwa changu!"

"Kidogo upande wa miguu, kama unapenda. Na tausi wako wakikosa pa kukaa, walete humu. Tutabanana."

Kuku akataga. Moshi ukazidi. Sultani machozi yalimtoka, pua ilimchuruzika, kilemba kikawa cheusi kama chungu. Waziri alijificha nyuma ya pazia asionekane akicheka, lakini pazia zima lilikuwa likitetemeka.

"Basi! Basi, mama!" Sultani akapiga kelele. "Nyumba yako isiguswe! Banda la tausi lichorwe upya, mahali pengine! Zima huo moto, nakuomba!"

Mwanamvua akaonja maharage, akaongeza chumvi, akaendelea kukoroga.

"Na kesho ukiuambia mtambo uchore kitu kingine, ukanichorea tena juu ya kichwa?"

"Sasa mimi nifanyeje?" Sultani akalia. "Mtambo utajuaje kama wewe upo? Ule hauna macho!"

"Wewe unayo, bwana wangu," akasema Mwanamvua. "Ndiyo maana moshi nimeuleta kwako, sikuupeleka kwa mtambo."