Mtamba wa Sikudhani

Hapo kale si mbali sana, ng'ombe wa Tajiri Malekela hawakuwa wakipanga foleni joshoni, kwenye dimbwi la dawa ya kupe; walipitishwa kwanza. Sikudhani naye, mjanja wa maneno, akatangaza kwamba mtamba wake wa pekee ni wa Tajiri, akapita mbele ya wote. Tajiri aliposikia, alikimbilia mahakamani kumdai mtamba.

"Mheshimiwa, ushahidi wangu ni mmoja tu: Sikudhani mwenyewe alikiri!"

Hakimu akamruhusu Sikudhani amhoji.

"Tajiri, nimewahi kukudanganya?"

"Wewe? Si uliniuzia jogoo ukasema anataga?"

Watu wakaangua kicheko.

"Niliteleza siku hiyo. Siku nyingine je, si huwa nasema kweli?"

"Thubutu! Mheshimiwa, andika: huyu hajawahi kutoa neno la kweli tangu azaliwe. Akisema kumekucha, mimi nafungua dirisha nihakikishe!"

"Unaapa?"

"Naapa mara mia!"

"Sina swali jingine," alisema Sikudhani, akaketi.

Hakimu akavua miwani. "Tajiri, hebu nikumbushe. Nani alisema mtamba ni wako?"

Sikudhani alikuwa ameshatoka nje, anafungua kamba ya mtamba wake.