Hina Nyeusi ya Zeyana

Haya, sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, kwa sababu hadithi hii haina mwisho mpaka nyinyi mniambie. Kila nyumba nilimoisimulia watu waliondoka wakibishana, na hapa pia mtabishana, nawajua.

Wete, kisiwani Pemba, palikuwa na mwanamke akiitwa Zeyana. Mungu alimpa uzuri, akampa na ngozi isiyopenda wageni. Sabuni mpya ikimgusa, anawashwa. Kanga ya dukani akiivaa kabla ya kuifua, shingo inamjaa vipele. Tena tangu usichana wake alikuwa na kishungi cha mvi juu ya paji la uso, na watu wakizungumza naye macho yao yanakwenda hapo kwanza. Basi akawa mtu wa shaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Zeyana alikuwa ameshaumwa na kila chupa ya dukani.

Katika harusi yake walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Bibi yake mzaa baba, Bi Mize, alikuwa na pua. Samaki akipita barabarani kwenye pakacha, Bi Mize yumo ndani, anakwambia huyo kavuliwa leo au jana.

Shangazi yake, Asya, alikuwa na ngozi ile ile ya Zeyana. Mtasema hicho si kipaji. Subirini.

Wifi yake mtarajiwa, Sabiha, dada wa bwana harusi, alikuwa na ulimi. Hakuwa msemaji sana, bali muulizaji. Akikuuliza jambo kwa upole, unajikuta umesema na ambalo hukuulizwa.

Wiki ya harusi ikafika, na upande wa mume wakaleta begi la bi harusi. Mlikuwa na nguo, viatu, udi na manukato. Mlikuwa pia na pakiti ya kijani iliyochorwa majani, imeandikwa: Hina Nyeusi, Majani Matupu. Mama mkwe, Bi Shemsa, alikuwa ameagiza na maneno: "Hiyo ya kishungi chake. Siku ya kumtoa nje mbele ya wageni nataka nimwone mkwe wangu na nywele nyeusi ti."

Maneno yale yalimchoma Zeyana. "Kwani kishungi changu kimemkosea nini?" aliuliza. Nyinyi mnajua desturi: kitu cha begi hakirudishwi. Kukirudisha ni kama kumwambia aliyekileta achukue na kijana wake aende naye.

Bi Mize akaifungua ile pakiti, akanusa, akaifunga.

"Hii si hina."

"Mama, imeandikwa majani matupu," akasema Bi Time, kungwi wa Zeyana.

"Hina hunuka majani yaliyorowa. Hii inanuka rangi ya viatu."

"Lakini ni ya asili!"

"Upupu nao ni wa asili. Jipake basi."

Kisha bibi akaiweka pakiti chini akaikalia. Wakambembeleza ainuke, hakuinuka. Watu wakacheka sana, lakini siku ile rangi haikuchanganywa. Zeyana hakucheka. Alikuwa akimtazama bibi yake na kuwaza. Bi Mize alitaka aolewe na binamu yake wa Konde, na tangu posa ya hawa wengine ilipopokelewa, kila kitokacho kwao kilimnukia vibaya, hata halua. Sasa hii ni pua inayosema, au ni chuki?

Kesho yake Bi Time akaipata pakiti. Kungwi yule hakuwa mjinga. Alijua rangi hujaribiwa kwanza. Ila kwao hina haimgusi bi harusi mpaka siku yake ifike, na kumgusa kabla ni mkosi. Kwa hiyo hakumjaribu mwenye ngozi, alijijaribu mwenyewe. Alijipaka mkononi, mkono uliosaga hina na kupaka maharusi tangu ujana wake. Rangi ikakauka, akaosha, ukatokea weusi wa kupendeza.

"Salama!" akasema. "Hata kuwasha haiwashi." Wanawake wakapiga vigelegele.

Asya peke yake hakupiga. "Mkono wako huo, Bi Time, hata kaa la moto unaliokota. Shahidi wetu ni ngozi ya kwetu." Akachovya kidole, akajipaka nyuma ya sikio.

Siku ya pili sikio lilikuwa limevimba kama andazi. Jioni shingo ikafuata, na jicho la upande ule likafumba. Wakamkimbiza hospitali. Daktari akawaambia kwamba lau angepaka kichwa kizima, pengine angeshindwa hata kupumua. Zeyana alilia kando ya kitanda, na shangazi akamwambia kwa mdomo uliopinda, "Bora sikio langu kuliko uso wako, mwanangu."

Maneno matamu hayo. Lakini Zeyana, njiani kurudi nyumbani, alikumbuka kwamba Asya ndiye aliyetaka kuwa kungwi wake, akapewa Bi Time, akanuna mwezi mzima. Je, sikio lile lilitolewa kwa ajili yake, au kwa ajili ya kumwaibisha Bi Time mbele ya watu? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Nyumba sasa ikachafuka. Baba yake Zeyana akasimama ukumbini: "Wanataka kuniulia mtoto! Harusi haipo!" Wengine wakasema rangi haina kosa, ni ngozi ya ukoo huu tu, inakataa hata hina yenyewe. Zeyana akajifungia chumbani. Alimpenda kijana yule. Lakini ataingiaje nyumba ya mtu aliyempelekea sumu kwenye pakiti ya majani?

Sabiha hakutumwa na mtu. Alisikia, akaenda kwa muuzaji wa ile hina, akakaa kwenye kigoda, akauliza hali ya watoto, akasifu duka. Halafu akauliza kwa upole, "Dada, hina ya kwetu hutoa wekundu tu. Hii yako weusi inautoa wapi, tena upesi hivi?"

"Majani matupu yatashika lini, mdogo wangu? Natia na unga wa piko, ile dawa kali ya kutia weusi."

"Na wateja huwaambii?"

"Nikiwaambia watanunua?"

Sabiha akarudi kwao akamwambia mama yake mbele ya wageni wote, bila kumfichia aibu. Bi Shemsa akashika kichwa. Alikwenda mwenyewe kwa miguu hadi kwa kina Zeyana, akaomba radhi, akasema naye alidanganywa, akaichukua pakiti kwa mkono wake mwenyewe. Baba akapoa. Harusi ikarudi.

Zeyana akamkumbatia wifi yake, na hapo ndipo alipoona, kwenye mpaka wa nywele za Sabiha, makovu madogo meusi yamejipanga mpaka sikioni.

"Wifi," akanong'ona, "uliwahi kuitumia?"

Ulimi ule ukakwama kidogo. "Zamani. Nilidhani ni vipele vya joto."

Kikulacho ki nguoni mwako. Alidhani kweli? Au alijua pakiti ilipokuwa ikitiwa kwenye begi, akanyamaza mpaka mtu alipolazwa?

Siku ya kumtoa bi harusi nje ikafika. Anayemshika mkono ni kungwi, na heshima ile haina ya pili. Aliyemtoa nje ndiye mama yake wa pili maisha yote, ndiye atakayekimbiliwa siku ndoa ikiwa chungu. Bi Time akakataa. "Nilisema salama na haikuwa salama. Tafuteni mkono mwingine."

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Bila ya pua yangu ungeshapakwa siku ile ile," akasema Bi Mize.

"Bila ya sikio langu nani angeiamini pua?" akasema Asya, na bandeji bado iko shingoni.

"Na bila ya mimi," akasema Sabiha, "leo ungekuwa na ngozi nzima na huna mume."

Wote watatu wamesema kweli. Na kila mmoja ana jambo ambalo Zeyana hakuthubutu kumuuliza. Tari zinapigwa uani, wageni wanaita, na yeye amesimama nyuma ya pazia, mikono yake yote miwili ameificha ndani ya buibui.

Mtu hutolewa nje na mmoja tu. Je, nyinyi mngeushika mkono wa nani, na mngeushika bila ya shaka?